Kuimba, Kuimbia, Kuimbiana

Juzi jioni nilikuwa jikoni nikimenya viazi, redio iko dirishani. Mtangazaji akafunga kipindi chake kwa wimbo wa zamani, akautambulisha hivi: "Endless Love", wake Lionel Richie akimshirikisha Diana Ross. Kisu kikasimama mkononi. Wimbo huu naujua tangu utotoni. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa nao kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka redioni, na kanda ile ilianza kwa nusu neno la mtangazaji mwingine, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kumaliza sentensi yake. Sauti zile mbili nazitambua kama sauti za watu wa nyumbani. Lakini kushirikishwa? Nani alimshirikisha nani?

Kwenye santuri yenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Motown mwaka 1981, majina yamepangwa hivi: Diana Ross, kisha alama ya "na", kisha Lionel Richie. Hakuna mwenyeji wala mgeni. Aliyetunga na kutayarisha ni Richie, na jina lililotangulia ni la mwanamke. Yote hayo yalipotea ndani ya neno moja la mtangazaji, na neno lenyewe si baya. Ni letu, limeundwa vizuri, lina kazi yake. Ndiyo maana limenikaa kichwani tangu juzi.

Shiriki limetoka katika Kiarabu, nalo limezaa ukoo mkubwa kwetu: shirika, ushirika, mshirika, ushirikiano. Limezaa hata ushirikina, maana kumwekea Mungu mshirika ndiyo dhambi iliyotajwa kwa neno hilo kabla halijaenea hadi kwenye hirizi na mizimu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro aliingia ushirika miaka ya 1930. Mjukuu wake leo anamshirikisha rafiki yake kwenye wimbo. Ni mzizi mmoja. Kinachobadilika ni mkia wa kitenzi. Anayeshiriki anaingia kwa miguu yake. Wanaoshirikiana wako sawa. Lakini anayeshirikishwa ameingizwa na mwingine, na mwingine huyo ndiye mwenye jambo. Ile "-isha" inajenga nyumba, inamweka mmoja ndani na kumbishisha hodi wa pili.

Na kwa sehemu kubwa ya Bongo Fleva, sarufi hiyo inasema kweli tupu. Mwenye wimbo ndiye anayelipia studio, anayegharimia video, anayeuweka wimbo kwenye ukurasa wake na kuhesabu watazamaji. Mgeni anaachiwa ubeti wa pili. "Inama" ya mwaka 2019 ni ya Diamond Platnumz, na Fally Ipupa, pamoja na ukubwa wake wote Kinshasa na Paris, ni mshirikishwa. Mwaka uliofuata Zuchu alipotoa "Cheche", mwenye wimbo alikuwa yeye, na Diamond, bosi wa lebo iliyomlea, ndiye aliyeingia kama mgeni. Kitenzi hakikujali nani mkubwa kwa umri au kwa mfuko. Kilijali wimbo ni wa nani. Napenda uadilifu huo. Anayesema "akimshirikisha" katika nyimbo kama hizi hajamdhulumu mtu.

Vijana wana neno jingine, kolabo. Silichukii. Limekwishapata mwili wa Kiswahili: linaishia kwa irabu, linaingia kwenye ngeli bila kusukumwa, na watu wanafanya kolabo Nairobi kama wanavyofanya Dar es Salaam. Tatizo lake ni upana. "Muziki Gani" ya Nay wa Mitego na Diamond ni kolabo, nayo ni ubishi wa wanaume wawili, mmoja wa hip-hop na mmoja wa kuimba, kila mmoja akivutia kwake. "Endless Love" nayo ni kolabo. Neno linalozimeza zote mbili bila kutofautisha ladha halitusaidii siku tunapotaka kusema kwamba mwanamume na mwanamke wamesimama mbele ya maikrofoni wakiambiana mapenzi.

Wataliano, walioupa ulimwengu istilahi nyingi za muziki, walihesabu vichwa. Duetto limetokana na due, yaani mbili, na Waingereza na Wafaransa wakalichukua kwa mabadiliko madogo. Wawili, basi. Hujui kama wanagombana au wanaombeana heri. Kiswahili kwa tabia yake hakiridhiki na hesabu. Kinataka kujua nani anamfanyia nani nini, na nani anajibu, na majibu hayo yote kinayapachika mwishoni mwa kitenzi. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta jina la wimbo wa namna hii, tuangalie kwanza waimbaji walifanya nini.

Mwongozaji wa filamu Franco Zeffirelli, Mtaliano aliyekwisha kupata sifa kwa "Romeo and Juliet" ya mwaka 1968, alikuwa akitengeneza filamu iitwayo "Endless Love" kutokana na riwaya ya Scott Spencer. Alimwendea Lionel Richie, ambaye wakati huo bado alikuwa mwanachama wa bendi ya Commodores, akamwomba ala tupu: muziki usio na maneno, wa kupita chini ya picha. Richie akautunga. Zeffirelli akarudi akitaka maneno. Richie akaandika maneno. Zeffirelli akarudi mara ya tatu: sasa anataka na sauti ya mwanamke, na mwanamke aliyemtaka ni Diana Ross.

Ukitazama safari hiyo utaona wimbo ukipanda ngazi. Kwanza ulikuwa mlio, kisha ukawa usemi wa mtu mmoja, mwisho ukawa mazungumzo. Kiswahili kina kitenzi kwa kila ngazi. Ala inalia, inapigwa. Mtu anaimba. Ngazi ya tatu ndiyo ninayoitafutia neno hapa.

Kuwakutanisha hao wawili kulikuwa kazi. Richie alikuwa Los Angeles akimtayarishia Kenny Rogers albamu, baada ya kumtungia "Lady" iliyoshika namba moja mwaka 1980. Ross alikuwa na maonyesho Lake Tahoe, mpakani mwa Kalifonia na Nevada. Wakakubaliana kukutana kwenye studio ya mji wa Reno, baada ya Ross kumaliza kazi yake ya jukwaani. Walianza kuingiza sauti yapata saa tisa usiku, na kulipokaribia kupambazuka kazi ilikuwa imekwisha. Kila nikiusikiliza wimbo ule nausikia usiku huo ndani yake. Hakuna anayepaza sauti. Ni watu wawili waliochoka, wanaongea kwa upole ili wasiamshe nyumba.

Anaanza mwanamume kwa kipande kifupi cha maneno. Mwanamke anapokea. Mwanamume tena, mwanamke tena, kila mmoja na sehemu yake ndogo, hadi sauti zinapofika pamoja kwenye kiitikio. Hapo maneno yetu yanakuja yenyewe. Kupokezana ndilo la kwanza: pokea, pokeza, pokezana, neno lilelile la wakimbiaji wa vijiti, ambapo anayepokea huanza mbio kabla mwenzake hajasimama. Katika beti nyingi za Bongo Fleva hakuna kupokezana kwa maana hii. Yuko mtu anayemaliza hotuba yake nzima, kisha mwenzake anaanza ya kwake. Katika "Endless Love" kijiti kinabadilishana mikono mara nyingi kiasi kwamba mwishoni husikii tena nani alikishika mwisho.

La pili ni kuitikiana, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ni moja ya vitenzi ninavyovipenda kuliko vyote katika lugha hii. Ita. Ongeza kidogo: itika, yaani kujibu mwito. Ongeza tena: itikia, kuujibu mwito wa fulani. Kutokana na hapo tunapata kiitikio, ile sehemu ya wimbo inayorudiwa na wote, na waitikiaji, wale wanaokaa nyuma ya mwimbaji wa taarabu. Yaani kwetu kiini cha kuimba na wenzako ni kuwa umeitwa, na umejibu. Mtoto wa Pwani anafundishwa hili kabla hajajua kuandika: akiitwa, wa kike aseme abee, wa kiume aseme naam. Mwito mmoja, majibu mawili kufuatana na aliyeitwa. Mwanamke anapoingia katika kipande cha pili cha "Endless Love", mimi nasikia abee. Nasikia mtu aliyeitwa kwa jina lake, naye hakuchelewa.

Filamu yenyewe haikubahatika. Wakosoaji waliiponda, na leo wengi wanaikumbuka kwa sababu kijana mmoja aitwaye Tom Cruise alionekana humo kwa mara ya kwanza, katika sehemu ndogo. Kisa chake ni cha kijana anayezuiwa kumwona mpenzi wake, akaamua kuwasha moto kwenye baraza ya nyumba ya binti ili apate kuwa mwokozi, na nyumba ikateketea. Wimbo ulijitoa kwenye majivu hayo ukaenda zake. Kuanzia Agosti 1981 ulikaa namba moja kwenye chati ya Billboard kwa wiki 9, na mwaka uliofuata ulipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Nimeusikia kwenye kumbi za harusi za Dar es Salaam zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, maharusi wakiingia hatua kwa hatua, wala hakuna ukumbini anayefikiria moto.

Kwa wimbo uliofanya hivyo tuna maneno tele, na yote yana damu. Tunauita kibao, jina ambalo pia ni la ubao mdogo, la kofi la shavuni na la kifaa cha kukunia nazi. Tunasema umetamba, kama mtu anayepita mtaani akijua anatazamwa. Tunasema umevuma, kama upepo, kama nyuki, kama ngoma. Wahenga walitahadharisha kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka, na kweli vibao vingi hupasuka ndani ya miezi mitatu. Huu haukupasuka. Mwaka 1994 Luther Vandross na Mariah Carey waliurudia, nao ukafika namba mbili. Kwa upande wa kuvuma, basi, lugha yetu haina njaa.

Lakini kuna rekodi moja isiyotajwa sana, nayo ndiyo iliyonifungua macho. Mwaka uleule wa 1981 Diana Ross aliiacha Motown, nyumba aliyokulia tangu enzi za The Supremes, akaenda RCA kwa mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 20. Katika albamu yake ya kwanza huko, "Why Do Fools Fall in Love", aliuimba tena "Endless Love". Peke yake. Maneno ni yaleyale, tuni ni ileile, na sauti ni ileile tuliyoipenda. Ila pale Richie alipokuwa akiita, anaita yeye. Na pale yeye alipokuwa akiitika, anaitika yeye. Wimbo haujaharibika. Ni mzuri. Lakini umeshuka ngazi moja. Kwenye santuri ya kwanza walikuwa wanaimbiana. Kwenye hii anamwimbia mtu ambaye hayupo chumbani.

Ndipo nikalipata neno langu, na lilikuwa mdomoni siku zote. Imba. Imbia. Imbiana.

Tulikague kwa makini, kwa sababu tofauti ya herufi moja hapa ni tofauti ya mapenzi na ugomvi. Wapenzi wa taarabu ya mipasho wanajua kuimbana: kundi hili linatunga la kulichoma kundi lile, na lile linajibu kwa kali zaidi, huku mashabiki wakitunza fedha kumkomoa jirani. Kuimbana hakuna ile "i" ya kati. Ukiiweka "i", chuki inakuwa zawadi. Lugha inafanya hivi kila siku na sisi tunapita tu. Wanaopigana wako kituo cha polisi. Wanaopigiana wako kwenye simu. Wanaochekana wanadharauliana, wanaochekeana wanapendana. Sauti ndogo hiyo, ambayo walimu wetu waliiita kauli ya kutendea, inabadili mwelekeo wa tendo zima: halimpigi mtu, linamwendea mtu, linafanywa kwa ajili yake. Na ile "-ana" inahakikisha kwamba linarudi. Kuimbiana ni kumpa mwenzako wimbo na kupewa wimbo kwa wakati mmoja. Sioni duetto likikaribia hapo.

Nililijaribu neno hili kwenye nyimbo nyingine, nione kama linashika.

Marvin Gaye na Tammi Terrell walitoa "Ain't No Mountain High Enough" mwaka 1967, utunzi wa Nickolas Ashford na Valerie Simpson. Anayesikiliza ataapa kwamba wamesimama bega kwa bega, wanatazamana, mmoja anacheka kidogo mwenzake akiingia. Ukweli ni kwamba Terrell aliingiza sauti yake kwanza, na Gaye akaingiza yake baadaye. Je, waliimbiana? Nilikuwa na shaka hadi nilipokumbuka alasiri moja katika studio ndogo Kinondoni. Dada mmoja alikuwa ameingiza sehemu yake Alhamisi, na kaka aliyetakiwa kumjibu alikuja Jumamosi. Alivaa vipokea sauti, akaimba mara mbili, tatu, sauti yake imenyooka lakini imekauka. Kisha akamwomba prodyuza amwongezee sauti ya yule dada masikioni na apunguze biti. Akafumba macho. Mara ya nne aliimba kama mtu anayemjibu mtu aliye karibu yake, na vionjo vikaanza kumtoka bila kupangwa. Barua nazo huandikwa siku moja na kujibiwa siku nyingine, na bado tunasema wameandikiana. Kwa hiyo Marvin na Tammi waliimbiana. Tammi alianguka jukwaani mikononi mwa Marvin mwaka huohuo wa 1967, na mwaka 1970 uvimbe wa ubongo ukamuua, akiwa na miaka 24.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Neil Diamond alikuwa ameimba "You Don't Bring Me Flowers" peke yake, na Barbra Streisand naye akaurekodi peke yake, kila mmoja kwenye albamu yake. Mwaka 1978 mtangazaji wa redio wa mji wa Louisville, Gary Guthrie, aligundua kwamba rekodi hizo mbili ziko kwenye ufunguo mmoja wa muziki. Akazikata na kuziunga, mstari huku na mstari kule, mpaka wakawa mume na mke wanaosemezana huku penzi lao likizimika. Guthrie mwenyewe wakati huo alikuwa akiachana na mkewe. Wasikilizaji wakapiga simu, maduka yakaulizwa santuri ambayo haikuwapo, na kampuni ikalazimika kuwaita Diamond na Streisand studioni waiimbe kweli. Desemba mwaka huohuo ilishika namba moja. Kwa kazi ya Guthrie Kiswahili kina umbo ambalo sikuwahi kulisikia likitumika, lakini kila msomaji atalielewa papo hapo. Anayewafanya watu wagombane huwagombanisha. Anayewafanya wapatane huwapatanisha. Guthrie aliwaimbianisha.

Na Natalie Cole, aliyeimba "Unforgettable" mwaka 1991 juu ya sauti ya baba yake Nat King Cole, aliyefariki mwaka 1965? Hapo nasita. Baba hakujua kama kuna anayemjibu. Kwangu mimi Natalie alimwimbia baba yake, na hilo linatosha kumtoa mtu machozi bila ya kuliongezea "-ana".

Kuna wimbo wetu wenyewe katika mkondo huu. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu "An Evening with Belafonte/Makeba", iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na ndani yake waliimba pamoja "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutangaza wimbo huo kwa rekodi yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa wako wanaosema hadi leo kwamba mtunzi ni Adam Salim. Huenda hao wawili, Mmarekani wa Harlem na binti wa Johannesburg, ndio waliowafikishia watu wengi wa mbali neno lao la kwanza la Kiswahili. Sauti zao zinapendana kwa namna ya ajabu. Lakini sikiliza nani anasema. Ni kijana wa kiume, anayetaka kuoa na hana fedha za mahari. Makeba anasema kwa kinywa cha kijana huyo, na Belafonte anasema kwa kinywa chake yuleyule. Malaika mwenyewe hajibu. Wawili hawa waliimba pamoja, waliimba kwa kupatana, wote wawili walimwimbia mtu wa tatu aliye kimya. Hawakuimbiana.

Mfano huo unaonyesha kitu ambacho watunzi wetu wangeweza kukitumia zaidi. Viambishi vyetu vya nafsi havitaji jinsia. Ni-, u-, a-: mwanamume na mwanamke wanavaa vazi hilohilo. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kuandika ubeti mmoja wa mapenzi, akampa mwanamume, kisha akamrudishia mwanamke bila kubadili silabi, na maana ikageuka kwa sababu tu kinywa kimebadilika. Ni neema kubwa kwa wimbo wa wawili. Inakatika ghafla kwenye neno moja: kuoa. Hapo lugha inamsimamisha kila mtu na kumuuliza yeye ni nani, maana mmoja anaoa na mwingine anaolewa. Ukitaka kuwaweka tena sawa unarudi kwenye mkia uleule, unasema wanaoana, na mizani inatulia. Mtunzi atakayeanza ubeti wa kwanza kwa kuoa, wa pili kwa kuolewa, na kufika kwenye kiitikio kwa kuoana, atakuwa amesimulia kisa kizima kwa kunyambua kitenzi kimoja.

Wapo watakaosema tunayo tayari majina. Kuna majibizano. Zuri, lakini majibizano yana harufu ya ubishi. Watu hujibizana kwenye foleni ya maji. Kuna malumbano ya washairi, ambayo ni mashindano. Kuna ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizikuza hadi shule za Tanzania zikazijua, na ambazo wahusika wake huanza kwa kupingana na kumaliza kwa kukubaliana. Wapenzi wa "Endless Love" wamekwisha kukubaliana kabla ya noti ya kwanza.

Rafiki yangu mmoja, mshonaji, alinipendekezea wimbo wa doti. Nililipenda wazo kwa siku nzima. Lakini vipande viwili vya doti ya kanga ni sawasawa, rangi kwa rangi na jina kwa jina, na hukatwa ndipo vipate kuvaliwa. Jozi ingekuwa karibu zaidi, kwa kuwa kiatu cha kulia si kiatu cha kushoto, na kwa kuwa Kiarabu kilikotoka neno hilo hulitumia pia kumwita mume. Hata hivyo jozi, kama due ya Wataliano, inahesabu tu. Haisemi kama viatu vinatembea.

Sitaki pia tutengeneze nomino ya kutisha. Nimejaribu uimbiano, nimejaribu maimbiano, yote mawili yanasikika kama kichwa cha semina. Kitenzi kinatosha, na pale jina linapohitajika, tuseme wimbo wa kuimbiana, kama tunavyosema mbio za kupokezana. Mtoto ataelewa bila kamusi.

Ombi langu linakwenda kwa watangazaji, ambao ndio walimu wakubwa wa istilahi za muziki kuliko baraza lolote. Akimshirikisha libaki kwa mwenyeji na mgeni wake. Kolabo ibaki kwa yote yanayochanganyika. Lakini usiku mtakapoupiga tena ule wimbo wa Reno, uliorekodiwa saa tisa, yapeni majina yale mawili "na" yao iliyo kwenye santuri, kisha mmalizie kwa neno moja tu: Diana Ross na Lionel Richie, wakiimbiana.